Embe la manjano lisilonukia

Kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi, matunda yanaanza kumshawishi mzazi akiwa Mkata, Kabuku na Segera wilayani Handeni, na akifika stendi ya Korogwe mabeseni yanainuliwa hadi dirishani mwa basi. Wengi huchagua kwa rangi, na kwa embe rangi hudanganya sana. Heri kulinusa upande wa kikonyo.

Embe au ndizi iliyokomaa hutengeneza gesi iitwayo ethilini, ambayo ni homoni ya mmea. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alithibitisha kuwa matunda yenyewe ndiyo huitoa. Gesi hiyo huamsha kazi nyingi kwa mpigo: ukijani unapotea, wanga unageuka sukari, nyama inalainika, na akiba ndogo ya mafuta na asidi amino inageuzwa harufu. Anayevundika mkungu wa ndizi huizuia gesi hiyo isitoroke, na moshi, kwa wanaoutumia, nao una ethilini ndani yake.

Embe lililochumwa changa halina akiba ya kutosha. Linaweza kuwa manjano, lakini harufu yake ni hafifu na ladha haijakamilika. Huenda mtoto anayesukuma sahani hajakataa embe. Amekataa hilo tu.

Wapo wanaoharakisha kwa kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea. Ikipata unyevu hutoa gesi ya asetilini, inayoiga ethilini. Ganda hupendeza haraka huku ndani pakibaki pagumu. Ubaya zaidi, kabaidi ya viwandani huweza kuwa na chembe za arseniki na fosforasi, ambazo ni sumu. Ukilitilia shaka tunda, usimpe mtoto.

Chungwa lina mambo yake. Likishachumwa haliivi tena, hata ulifunike wiki nzima. Ganda lake hugeuka rangi vizuri kukiwa na baridi ya usiku, ndiyo maana machungwa ya maeneo ya joto mkoani Tanga huwa ya kijani na bado matamu. Chagua lililo zito mkononi.

Nyumbani, maembe yaliyokomaa lakini hayajaiva yaweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu moja. Ethilini ya ndizi itayasukuma. Friji ni baadaye, yakishanukia. Baridi ikiwahi, harufu hudumaa na embe hubaki bila utamu wake.