Uhimilishaji wa ng'ombe Ufipa: Mafanikio huanzia zizini

Mfugaji wa Laela au Matai anayetaka kuboresha ng'ombe wake wa asili halazimiki kununua dume la kisasa. Mbegu za madume bora huzalishwa katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC), Usa River mkoani Arusha, na kusafirishwa mikoani ndani ya mitungi ya kimiminika cha naitrojeni, zikiwa zimegandishwa kwa nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Teknolojia hiyo ilipata umaarufu kwa farasi, nchini Urusi, kupitia kazi za mtaalamu Ilya Ivanov mwanzoni mwa karne ya 20; kwa Tanzania, mnufaika wake mkuu ni ng'ombe.

Mbegu zikishafika Sumbawanga, sehemu kubwa ya mafanikio humtegemea mfugaji mwenyewe. Ng'ombe huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na hali hiyo hudumu kwa saa chache tu, mara nyingi usiku watu wakiwa wamelala. Dalili ya kuaminika kuliko zote ni ng'ombe kusimama kwa utulivu anapopandwa na wenzake. Ute mwangavu ukeni na kulialia husaidia kuthibitisha, lakini havitoshi peke yake.

Kanuni ni kwamba anayeonekana kwenye joto asubuhi ahimilishwe jioni ya siku hiyo, na anayeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Kwa vijiji vilivyo mbali na mjini, hasa msimu wa mvua, Afisa Mifugo hana budi kupigiwa simu mara tu dalili inapoonekana. Muda ukipita, mfugaji husubiri siku nyingine 21.

Uchaguzi wa mbegu nao unahitaji ushauri. Mtamba mdogo wa asili akipewa mbegu ya dume la uzao mkubwa anaweza kushindwa kuzaa, na mfugaji akapoteza mama na ndama. Baridi ya uwanda wa Ufipa huwafaa machotara wa Friesian na Ayrshire, ila ng'ombe hao hudai malisho ya kutosha wakati wa kiangazi na kuogeshwa dhidi ya kupe waenezao ndigana kali. Asiyemudu hayo ni heri achague Boran, aliye mvumilivu zaidi.

Tarehe ya kuhimilisha iandikwe siku hiyo hiyo. Ng'ombe asiporudi kwenye joto baada ya siku 21, huenda ameshika mimba. Mtaalamu humpima baada ya miezi miwili hadi mitatu, na ndama hutarajiwa kwenye mwezi wa tisa.