Tamthilia Kitabuni na Tamthilia Jukwaani: Nafasi ya Uigizaji katika Ufundishaji wa Fasihi

Tamthilia ni utungo unaoandikwa ili utendwe mbele ya hadhira. Hata hivyo, katika shule nyingi za upili nchini Kenya, utanzu huu husomwa kana kwamba ni riwaya yenye majina ya wasemaji pembeni. Makala haya yanadhamiria kueleza namna wanafunzi wanavyokutana na tamthilia na kuonyesha kwamba uigizaji ni sehemu ya uhakiki wenyewe, wala si kiburudisho cha baada ya masomo.

Mwanafunzi hukutana na tamthilia kwa njia tatu. Ya kwanza ni darasani, ambapo husomwa kwa zamu wanafunzi wakiwa wameketi, kisha mwongozo ukafuata na orodha ya maudhui na sifa za wahusika. Ya pili ni maonyesho ya vikundi vya waigizaji wanaozunguka shuleni wakiigiza vitabu teule kwa malipo. Ya tatu ni chama cha drama, ambacho hujiandaa kwa tamasha za kitaifa za drama zilizoanza mwaka wa 1959.

Kila njia ina upungufu wake. Darasani mna maneno pasipo matendo. Katika maonyesho ya kulipia, mwanafunzi ni mtazamaji tu. Chama cha drama nacho ni cha wachache, na aghalabu huigiza michezo mipya iliyotungwa kwa ajili ya tamasha, si tamthilia inayotahiniwa. Yamkini mwanafunzi akamaliza shule bila kusimama hata mara moja katika nafasi ya mhusika anayeulizwa maswali juu yake.

Uchukuliwe mfano wa Kigogo ya Pauline Kea, iliyokuwa miongoni mwa vitabu teule vya KCSE mwishoni mwa miaka ya 2010. Mwanzoni mwa tamthilia hiyo, Kenga, mshauri wa mtawala Majoka, huja katika karakana ya wachongaji kumshawishi Sudi achonge kinyago cha shujaa. Sudi hukataa. Mwanafunzi aliyeketi huandika daftarini kwamba Sudi ana msimamo thabiti, akaendelea mbele. Anayesimama kumwigiza hana budi kuamua mengi zaidi. Je, Sudi anaendelea kuchonga Kenga anapozungumza, au anaiweka patasi chini? Anamtazama usoni? Wachongaji wenzake wanasogea karibu naye au wanajitenga? Kila swali humrudisha mwigizaji kitabuni kutafuta ushahidi, na huko ndiko kuhakiki.

Faida hii hujitokeza hata katika mtihani. Swali la kueleza muktadha wa dondoo humtaka mtahiniwa ataje msemaji, msemewa, mahali na sababu ya kauli hiyo. Anayekariri mwongozo huyachanganya mambo haya kwa urahisi. Aliyewahi kuitamka kauli ile mbele ya wenzake hukumbuka aliyekuwa akimkabili, alikosimama na kilichomfanya aseme.

Ni kweli kwamba silabasi ni pana na muda ni mfinyu. Hata hivyo, kipindi kimoja cha dakika 40 chatosha. Mwalimu anaweza kuteua sehemu ya kurasa mbili, akawapa wanafunzi dakika kumi za kujiandaa, kisha makundi mawili yakaigiza sehemu ileile. Dakika zinazosalia zitumiwe kulinganisha: kwa nini kundi moja limemfanya mhusika acheke pale ambapo kundi la pili limemfanya anyamaze? Leso, meza na kipande cha chaki vyatosha kuwa maleba na vifaa vya jukwaani.

Nguvu ya utendaji ilidhihirika mwezi wa Aprili 2025, wakati wa tamasha za kitaifa mjini Nakuru. Mvutano kuhusu mchezo wa Echoes of War wa Shule ya Wasichana ya Butere uliwafanya wanafunzi hao wasiigize, na polisi wakatumia vitoa machozi kuwatawanya watu. Ilhali Kigogo, inayosawiri utawala wa kiimla waziwazi, ilisomwa madarasani kote nchini kwa miaka kadhaa. Ni bayana kwamba maneno yakipewa sauti na mwili huwagusa watu kwa namna ambayo ukurasa pekee hauwezi.

Wengi wa wanaosoma Kiswahili vyuoni watakuwa walimu wa fasihi. Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa ya maonyesho na filamu kuwa somo la kuchaguliwa katika sekondari pevu, lakini watakaolichagua watakuwa baadhi tu ya wanafunzi. Waliosalia watakutana na tamthilia katika kipindi cha Kiswahili. Itakuwa juu ya mwalimu wao kuamua kama wataisoma wakiwa wameketi, au watasogeza madawati kando na kuiigiza.