Wagonjwa wa figo: Mashine zipo, gharama zawashinda

HUDUMA ya kusafisha damu kwa mashine, ambayo miaka ya nyuma Watanzania waliifuata katika hospitali chache za miji mikubwa, sasa inapatikana pia katika hospitali kadhaa za rufaa za mikoa. Hata hivyo, kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa kufanya kazi, kuwapo kwa mashine ni jambo moja, na kumudu kuitumia inavyotakiwa ni jambo jingine.

Kitaalamu, mgonjwa huyo anatakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi. Hiyo ni zaidi ya mara 150 kwa mwaka, na huendelea maisha yake yote, isipokuwa akipandikizwa figo nyingine. Asiye na bima ya afya hulipa kila anapofika. Fedha zikipungua, hupunguza hadi mara mbili kwa wiki, kisha moja.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kati ya awamu moja na nyingine maji hujaa mwilini hadi kwenye mapafu, na madini ya potasiamu hupanda katika damu kiasi cha kuweza kuusimamisha moyo. Ndiyo maana wapo wagonjwa wanaopoteza maisha wakati ndugu wangali wanachangishana fedha za awamu inayofuata.

Mwenye bima naye ana mzigo wake. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, kuna ndugu wa kumsindikiza, na ni waajiri wachache wanaoweza kumvumilia mfanyakazi anayekosekana siku tatu kila wiki. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inaelekeza kuwapo kwa mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo.

Chakula nacho ni mtihani. Maji ya madafu, ambayo mitaani husifiwa kuwa yanasafisha figo, yana potasiamu nyingi na yanaweza kumdhuru mtu ambaye figo zake zimekwisha kushindwa. Ndizi pia zina potasiamu nyingi. Maji ya kunywa hupimwa kwa kikombe, jambo gumu kwa mkazi wa Dar es Salaam wakati wa joto.

Wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, lakini si haki kuwalaumu kwa uzembe tu. Figo huweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake bila kuuma. Kuvimba miguu, kichefuchefu na uchovu huja mwishoni. Visababishi vikuu ni kisukari na shinikizo la damu, magonjwa ambayo mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kujua. Matumizi ya mara kwa mara ya dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazonunuliwa dukani bila ushauri wa daktari, nayo huchangia. Kipimo cha kreatinini katika damu na kile cha protini katika mkojo vingeweza kubaini tatizo mapema, wakati dawa bado zinaweza kupunguza kasi ya ugonjwa.

Upandikizaji ndio tiba inayomtoa mgonjwa kwenye mashine. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India.

Lakini figo hutolewa na ndugu aliye hai, na si kila ndugu aliye tayari hufaa. Kundi la damu linaweza kutolingana. Na kwa kuwa kisukari na shinikizo la damu hutembea katika koo, kaka au dada anayejitokeza kumwokoa mwenzake anaweza kugundulika, siku hiyo hiyo ya vipimo, kuwa naye ni mgonjwa anayetakiwa kuanza matibabu.