Baridi ya Guangzhou na jiko lililo ndani ya mwili

Kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaofanya biashara mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, mwezi wa Januari si wa mchezo. Tangu miaka ya 1950 serikali ya China ilitumia milima ya Qinling na mto Huai kama mpaka wa huduma ya kupasha nyumba joto: kaskazini wakapata, kusini wakakosa. Guangzhou iko kusini, na sisi watoto wa jua hutetemeka ndani ya makoti.

Lakini mwili nao una jiko lake. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama mtu mzima. Hujipasha kwa mafuta ya kahawia, yaliyo hasa katikati ya mabega. Iliaminika kuwa ukubwani hutoweka, hadi mwaka 2009 tafiti tatu katika jarida la New England Journal of Medicine zilipothibitisha kuwa watu wazima wengi wanayo, hasa shingoni na juu ya mtulinga.

Mafuta meupe ni ghala; kila seli hubeba tone moja kubwa. Ya kahawia yana matone madogo mengi na mitokondria tele. Baridi ikiingia, mishipa ya fahamu hutoa noradrenalini, na matone huvunjwavunjwa kuwa asidi za mafuta. Asidi hizo ni kuni na pia ni kiberiti: huiamsha protini iitwayo UCP1, nayo hufanya nishati itoke kama joto. Lipidi nyingine, kadiolipini, iliyo katika utando wa mitokondria, huifanya protini hiyo iwe imara.

Hapa ndipo wachuuzi wa vidonge vya kukonda hutega mtego. Dinitrofenoli, au DNP, imekuwa ikiuzwa kwenye intaneti kwa ahadi ya kuyeyusha mafuta. Kweli inachoma, lakini huwasha moto mwili mzima bila breki. Joto hupanda hadi mtu hufa, na haina dawa ya kuizima. Marekani ilitangaza mwaka 1938 kuwa haifai kwa binadamu. Uingereza iliitia katika sheria ya sumu mwaka 2023.

Jiko la mwili lina mahali pake na kipimo chake. Anayesikia baridi avae sweta, mama amkumbatie mwanawe kifuani, na anayetaka kukonda amwone daktari. Tahadhari kabla ya hatari.