Kazi Imeisha, Mama ni Mgonjwa: Makuta ya Mwisho Yanahesabiwa Namna Gani?

Mara nyingi katika ukurasa huu tunaongea juu ya mihogo, migomba yenye kunyauka na maharagwe ya miti. Safari hii tunaongea juu ya mshahara. Sababu ni kwamba katika nyumba nyingi za Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi, shamba halijiendeshi peke yake. Kuko mtoto, kaka ao bwana aliye na kazi Bukavu, na mshahara wake ndio unanunua jembe, unalipa minervali na kutafuta watu wa kulima wakati wa Septemba. Mwaka 2025 wengi wa hao walirudi nyumbani mikono mitupu.

Mnajua namna ilivyokuja. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na miradi mingi huku kwetu ikafunga bila kumaliza hata msimu. Februari vita vilifika Bukavu, na mabenki yakafunga milango. Sisi waagronomu wa mradi mmoja tulipewa barua mwezi wa tatu. Barua yenyewe ilikuwa ya mistari minane.

Mwezi wa tano mama yetu akaanguka akipalilia. Ilikuwa tension. Upande wa kushoto ukalala, mdomo ukapinda. Alipotoka hospitali, familia ilikaa kuuliza nani atabaki naye. Dada yetu mkubwa ana watoto sita Nyangezi, mdogo wetu yuko Uvira. Baba mdogo akatuangalia, akasema: "Weye hauna tena kazi. Njo utabakia na mama." Hakusema kwa ubaya. Tulihama Kadutu na mke na watoto, tukarudi Kabare.

Kuuguza mtu aliyelala si kazi ya pembeni. Unamgeuza kila masaa machache asipate vidonda mgongoni, unamuosha, unamlisha polepole asipaliwe na uji, unahesabu dawa za tension ambazo hazikosi hata siku moja. Usiku unaamka mara mbili, mara tatu. Tunaandika haya kwa sababu moja: katika hali hiyo, hakuna mtu anayekumbuka karatasi. Sisi tuliofundisha wakulima miaka sita waandike kila kilo kwenye daftari, karatasi zetu za mshahara tulikuwa tumezitia katika mfuko mmoja na mbegu za maharagwe. Panya walizifikia kabla yetu.

Tuanze na lile ambalo watu wanauliza kwanza: serikali inatoa nini kwa mtu aliyepoteza kazi? Kongo hakuna posho ya kukosa kazi. Hakuna pia posho ya mtu anayeuguza mzazi. CNSS iko, na sheria yake ya Julai 2016 inashughulikia posho za familia, ajali na magonjwa ya kazi, na pensheni. Ile 5% waliyokata kila mwezi kwenye mshahara wako, pamoja na 13% ya mwajiri, haikuwekwa kwenye mfuko unaoweza kufungua leo. Sehemu yako ni ya pensheni, na umri wa pensheni ni miaka 60. Hata hivyo usiache. Tafuta namba yako ya CNSS na uhakikishe miezi yako yote ilitangazwa. Mwenzetu mmoja alikuta makato yote kwenye karatasi zake za mshahara, lakini miezi mingi haikuonekana CNSS. Kama karatasi zile zingekuwa zimeliwa na panya kama zetu, angedai kwa kutumia nini?

Kwa hiyo kinachobaki ni makuta ya mwajiri, tunayoita dekonti ya mwisho. Hapo watu wanaachia mali yao.

Kodi ya kazi (Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016) inasema kwamba mwajiri anayevunja mkataba usio na mwisho anatoa preavisi ya siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima uliofanya. Aliyefanya miaka sita ana 14 na 42, yaani siku 56 za kazi. Kama hawakukuacha uzifanye, zinalipwa. Ongeza mshahara wa siku ulizofanya na likizo ambayo haukuchukua. Tena unapaswa kupewa cheti cha kazi chenye kuonyesha ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Hicho usikubali kukikosa, hata kama makuta yamechelewa.

"Lakini sisi wa miradi tunasaini mikataba ya mwaka mmoja mmoja," mtasema. Ndiyo, na hapo ndipo wengi wetu tulidanganyika. Mkataba wenye tarehe ya mwisho hauruhusiwi kupita miaka miwili, na kwa kawaida unarudiwa mara moja tu. Ukiendelea baada ya hapo, sheria inauhesabu kuwa mkataba usio na mwisho, isipokuwa kazi za msimu na kazi zingine chache zilizopangwa. Sisi tulisaini mara tano. Kwenye dekonti yetu waliandika "mwisho wa mkataba", preavisi sifuri. Na kama mkataba wako wa kwanza ao wa pili ulivunjwa katikati bila sababu inayokubalika kwa sheria, unaweza kudai mishahara ya miezi iliyobaki mpaka tarehe yake.

Upande wa kodi ya mshahara, ile IPR, angalia kitu kimoja. Malipo yanayotolewa kwa sababu mkataba umevunjika yalikuwa na kiwango chake cha pekee, 10%. Mshahara wa kawaida ulikuwa unapanda kwa ngazi mpaka 30% na zaidi. Mhasibu mwenye haraka anachanganya yote kwenye chungu kimoja, na wewe ndiye unapoteza. Sheria ile ilipunguza pia kodi kwa 2% kwa kila mtu unayemlea, mpaka watu tisa, na wazazi wako na wazazi wa mke ao bwana walihesabiwa kama waliishi nyumbani mwako. Ni kidogo, lakini ni chako. Mwenzetu aliishi na baba mkwe wake Bagira miaka minne na hakumuandikisha hata siku moja. Mama yetu alikuwa anakaa kwake Kabare, hivyo hakuhesabiwa. Kwenye matunzo ya hospitali ya mwajiri, yeye hangeingia hata angeishi kwetu: hayo ni ya mfanyakazi, mke ao bwana, na watoto.

Sasa neno la tarehe. Madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka mmoja. Madai mengine mengi yanayotokana na mkataba, miaka mitatu. Sisi tulikumbuka Januari 2026, mama akiwa ameanza kukaa mwenyewe kitini. Tulikuwa na wiki saba hivi. Tuliandika barua ya kudai, nakala mbili, tukatafuta mtu wa ofisi ile aliyebaki, akasaini kwenye nakala yetu na kuandika tarehe. Saini hiyo ndiyo ushahidi kwamba mwaka haukuisha ukiwa umenyamaza. Kwa kawaida hatua inayofuata ni ofisi inayoitwa Inspection du Travail, kwa upatanisho kabla ya tribinali. Siku hizi si kila ofisi inafanya kazi kama zamani. Chama cha wafanyakazi ao wakili atakuambia ni mlango gani wa kubisha.

Makuta ya kwanza tuliyopewa tuliyakuta yamefungiwa kwenye benki. Wengine walivuka Ruzizi kwenda kutoa Kamembe, wengine walipitisha kwenye simu na kuacha sehemu kwa wakala kila mara. Kosa letu lilikuwa kutoa kidogo kidogo. Hospitali ikachukua, deni la duka likachukua, na Septemba ilipofika hatukuwa na franga ya mbegu. Wakulima hamuli mbegu, mnajua. Tungetenga kwanza dawa za mama za miezi sita na mbegu za msimu mmoja, halafu tungeita ndugu wote kabla ya kulipa kingine. Hilo tulifanya kwa kuchelewa. Dada sasa anakuja siku mbili kila wiki, mdogo wa Uvira analipa dawa. Aliye nyumbani kwa sababu hana kazi tayari anatoa kazi yake yote. Asiombwe pia kutoa makuta yote.

Na ninyi viongozi wa koperativi, msisome hii kama habari za wengine. Mlinzi wa depo, mama anayepima kahawa, jerani wenu: hao ni wafanyakazi. Tuliuliza koperativi moja mkataba wa mlinzi wao uko wapi. Walituonyesha mlinzi.

Preavisi yetu bado haijalipwa yote. Walikubali nusu, tumeandika tena juu ya nusu nyingine. Nakala yenye saini iko kwenye bati, juu, mbali na panya. Mama anakaa chini yake asubuhi, anapukusa maharagwe kwa mkono wa kuume, na anatuuliza kama wale watu wameisha kujibu.