Nani Mwenye Kitabu? Sehemu ya Pili: Luther, Dürer na Wezi wa Chapa

Katika sehemu ya kwanza tulimwacha Sebastian Brant akilalamika. Shairi lake refu, Meli ya Wapumbavu, lilitoka Basel mwaka 1494, na mwaka huo huo likachapwa upya Strasbourg likiwa limejazwa beti ambazo hakuzitunga yeye. Hakuwa na mahakama ya kukimbilia. Alichoweza kufanya ni kuwaambia wasomaji, katika chapa ya 1499, kwamba beti zile si zake. Leo tunahamia Wittenberg, ambako mambo yalikuwa makubwa zaidi.

Mwaka 1525 Martin Luther alikuwa akitoa kitabu cha mahubiri ya kuelekea Pasaka. Mswada ulikuwa kiwandani na kazi ya kuchapa haijamalizika. Mpanga herufi mmoja, kijana aliyekula kwa jasho la kazi ile ile, akaiba sehemu ya mswada na kuitorosha nje ya mji. Punde si punde mahubiri yale yakawa yanachapwa Nuremberg kabla ya chapa halali kukamilika. Mpiga chapa wa Wittenberg, ambaye tayari alikwisha gharimia karatasi na mishahara, akabaki anahofia kwamba mzigo wake utadoda.

Luther aliandika onyo kwa wapiga chapa wote, akawafananisha na majambazi wa njia kuu. Ukilisoma onyo lile kwa makini, utaona kwamba fedha si kiini cha hasira yake. Yeye mwenyewe hakuchukua malipo kwa maandishi yake, na alisema hasara ya mfuko ingevumilika. Kilichomuuma ni kwamba walichapa kwa pupa mno, hata akikishika kitabu chake hakitambui: hapa maneno yamerukwa, pale yamehamishwa, kwingine yamegeuzwa, na hakuna aliyesahihisha. Tena walikwisha jifunza kuandika "Wittenberg" kwenye jalada la kitabu ambacho hakikuonja hewa ya Wittenberg. Mtu aliyeamini kwamba wokovu wa msomaji unategemea neno sahihi hangeweza kulichukulia jambo hilo kuwa dogo.

Aliliandikia pia baraza la mji wa Nuremberg, na ombi lake lilikuwa la kiasi cha kushangaza. Hakudai kwamba wasichape kamwe. Aliomba wapiga chapa wa huko wasubiri majuma kadhaa, ili wenzao wa Wittenberg warudishe gharama zao kwanza. Hakuwa na sheria ya kuitegemea zaidi ya hapo. Dola Takatifu ya Kirumi ilikuwa mkusanyiko wa mamia ya watawala na miji huru. Kilichokuwapo ni hati ya upendeleo: mfalme, mtawala au baraza la mji lilimpa mtu, aghalabu mpiga chapa, haki ya kuchapa kitabu fulani peke yake kwa miaka michache. Ya mtawala mdogo iliishia mpakani mwake. Ya mfalme ilitakiwa kufika kila pembe, lakini nani angeisimamia?

Ndiyo maana waandishi na wasanii waligeukia alama. Mwaka 1524 Luther alitia mwishoni mwa sehemu ya tafsiri yake ya Agano la Kale picha mbili, mwanakondoo mwenye bendera na waridi lenye herufi za jina lake, pamoja na maelezo kwamba hizo ndizo ushahidi wa vitabu vilivyopita mikononi mwake. Mchoraji Albrecht Dürer wa Nuremberg alimtangulia kwa njia hiyo. Mwaka 1511, mwishoni mwa kitabu chake cha picha za maisha ya Bikira Maria, aliwakemea wanaopora kazi na akili za wengine, akawakumbusha kwamba ana hati ya Mfalme Maximilian. Mwaka uliofuata, mgeni mmoja alionekana karibu na jumba la baraza la Nuremberg akiuza picha zenye herufi za Dürer kwa udanganyifu. Baraza liliamuru aziondoe herufi zile, la sivyo bidhaa zake zitaifishwe. Picha zenyewe hazikukatazwa. Kwa baraza, kosa lilikuwa kudanganya kwa jina. Mkono uliobuni mchoro haukuwa na dai lolote.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wanakili nao walikuwa na hoja. Mwaka 1533 Johannes Schott wa Strasbourg alimshitaki Christian Egenolff wa Frankfurt kwa kunakili michoro ya mimea kutoka kitabu cha Otto Brunfels, ambacho Schott alikichapa kwa hati ya mfalme. Egenolff alijibu kwamba mmea una umbo lake la asili. Je, hati inaweza kumzuia mtu kuchora rozmari jinsi ilivyo? Naliona swali hilo kuwa zito, ingawa halimwondolei lawama mtu aliyefuata michoro ya Hans Weiditz, mchoraji wa kitabu cha Brunfels, badala ya kwenda shambani kuutazama mmea wenyewe.

Lakini kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Hieronymus Emser, mwanazuoni Mkatoliki wa Dresden. Bwana wake, Mtawala Georg wa Saksonia, alipiga marufuku Agano Jipya la Luther la 1522. Emser akadai ameona ndani yake makosa yapatayo 1,400. Kisha mwaka 1527 akatoa Agano Jipya "lililosahihishwa", na sehemu kubwa yake ilikuwa Kijerumani kile kile cha Luther, kimeguswa hapa na pale, na utangulizi mpya juu yake. Hata mbao za michoro ya Ufunuo alizinunua kwa Lucas Cranach, aliyeitengenezea michoro chapa ya Luther.

Emser alifariki mwaka huo huo. Luther alimjibu mwaka 1530, akiwa Coburg, katika waraka wake kuhusu kazi ya kutafsiri. Alieleza bila kificho kwamba kazi yake imechukuliwa na kuuzwa kwa jina la mwingine, na watu wakaikubali huku wakimlaani aliyeifanya. Halafu akaandika kwamba hakuna kisasi kitamu kuliko hicho: maadui zake sasa wanakisoma kitabu chake, kikiwa kimeondolewa jina lake, kwa amri ya mtawala yule yule aliyekipiga marufuku.

(Itaendelea)