Matembezi ya theluji kwenye hifadhi: jinsi ya kumtoa mtoto nje bila kuumizwa na baridi

Mwezi wa Desemba, mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, jua huzama karibu saa kumi na robo jioni. Mtoto akirudi kutoka shuleni, giza liko mlangoni. Mama mwingi aliyekulia Bukavu, Bujumbura au Kigoma hufanya jambo linaloonekana la busara: anafunga dirisha, anawasha hita, na watoto wanabaki ndani mpaka Aprili. Wiki zinapita. Watoto wanagombana, usingizi unavurugika, simu haitoki mkononi, na mama mwenyewe anajisikia mzito bila kujua sababu.

Makala hii inaeleza njia moja ya kuvunja kifungo hicho: matembezi ya majira ya baridi yanayoongozwa na mtaalamu wa mazingira kwenye hifadhi za wanyamapori.

Kwa kifupi

- Mtoto mwenye afya anaweza kutoka nje wakati wa baridi akiwa amevaa nguo kavu za tabaka kadhaa.
- Hatari kubwa ni unyevu, upepo na kukaa bila kujongea.
- Mtoto anayebebwa hupata baridi haraka kuliko mtoto anayetembea.
- Jua la majira ya baridi halitoshi kumpa mtoto vitamini D. Anahitaji matone au chakula chenye vitamini hiyo.

Je, baridi ndiyo inayoleta mafua?

Mafua na homa ya mapafu husababishwa na vijidudu, hasa virusi na bakteria. Hewa baridi na kavu husaidia baadhi ya virusi kuishi muda mrefu zaidi, ndiyo maana magonjwa haya huongezeka majira haya. Lakini virusi huenea zaidi pale watu wanapokaa pamoja kwenye chumba kilichofungwa. Kwa hiyo kumfungia mtoto ndani na watu wengi hakumkingi. Kinachomkinga ni kunawa mikono, kupitisha hewa ndani ya nyumba, na chanjo ya homa ya mafua kila mwaka, ambayo hutolewa kuanzia umri wa miezi 6.

Kutembea nje kunamsaidia nini?

*Usingizi.* Mwanga wa mchana, hata siku ya mawingu, huuambia mwili kwamba sasa ni mchana. Mtoto aliyepata mwanga asubuhi au adhuhuri hulala vizuri zaidi usiku.

*Mwili.* Watoto wa miaka 6 hadi 17 wanahitaji dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Kutembea kwenye theluji ni kazi ya miguu, mgongo na mapafu kwa pamoja.

*Macho.* Utafiti uliofanyika Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwapa watoto wa darasa la kwanza dakika 40 zaidi za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka 3, watoto wapatao 30 kati ya 100 walikuwa hawaoni vizuri mbali, wakati kwa wale wasioongezewa muda walikuwa karibu 40 kati ya 100.

Jambo ambalo matembezi haya *hayafanyi* ni kuleta vitamini D. Kuanzia Novemba hadi Februari, jua la Massachusetts liko chini angani, na ngozi haiwezi kutengeneza vitamini D ya kutosha hata ukishinda nje. Ngozi nyeusi huhitaji jua jingi zaidi katika majira yoyote. Mtoto anayenyonya anahitaji matone ya yuniti 400 kila siku, kuanzia siku za kwanza za maisha. Mtoto wa mwaka 1 na zaidi anahitaji yuniti 600 kutoka kwenye maziwa yaliyoongezwa vitamini, samaki wenye mafuta, mayai, au matone. Muulize daktari wa mtoto.

Hifadhi ni mahali gani? Kuna simba?

Ukisikia “hifadhi ya wanyama”, huenda unafikiria Serengeti au Virunga: tembo, simba, na askari mwenye bunduki. Hapa neno hilo lina maana nyingine. Ni msitu, mabwawa na njia za miguu zilizotunzwa ili ndege na wanyama wadogo waishi kwa amani.

Shirika la Mass Audubon, lililoanzishwa mwaka 1896 na wanawake wawili waliopinga ndege kuuawa ili manyoya yao yapambe kofia, lina hifadhi nyingi jimboni Massachusetts. Mojawapo, Broad Meadow Brook, iko ndani ya mji wa Worcester na ina zaidi ya ekari 400.

Wanyama utakaowaona ni kindi, ndege, pengine paa. Mbweha na mbwamwitu wadogo wapo, lakini kwa kawaida humkimbia binadamu. Kanuni ni ileile ya popote: usimguse mnyama, usimlishe bila ruhusa ya kiongozi, na mtoto asitangulie peke yake.

Siku ya matembezi inakuwaje?

Mara nyingi mnakutana kwenye jengo la wageni, penye joto na choo. Kiongozi hutembea na kikundi kidogo kwa saa moja au zaidi kidogo, akisimama mara kwa mara. Matembezi ya watoto wadogo huwa mafupi zaidi.

Theluji inasomeka kama daftari. Kiongozi atawaonyesha nyayo za sungura na mahali panya alipoingia chini ya theluji. Huko chini panya ana mapito yake, kwa sababu theluji nene hushika hewa na kuzuia joto lisipotee. Atawaonyesha pia chikadi, ndege mwenye kichwa cheusi na uzito usiofika gramu 15, ambaye haondoki majira ya baridi. Huficha mbegu, huvimbisha manyoya yake ili yashike hewa ya joto, na usiku hupunguza joto la mwili wake ili asimalize nguvu.

Kuna pia matembezi ya jioni ya kumsikiliza bundi. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa bundi akilia karibu na nyumba kuna msiba. Ukialikwa, ujue kwamba bundi wakubwa wa huku huanza kutaga mapema, katikati ya baridi, ndiyo maana wanaitana sana wakati huo. Usipotaka kwenda, chagua matembezi ya mchana. Mwishoni mwa Februari na Machi, baadhi ya hifadhi huonyesha jinsi utomvu wa miti ya mepo unavyokingwa na kuchemshwa kuwa sharubati. Huhitajika takriban lita 40 za utomvu kupata lita 1.

Kumvalisha mtoto

Fanya kama chikadi: shika hewa katikati ya tabaka.

1. *Nguo ya kugusa ngozi:* nyembamba, ya sufi au poliesta. Epuka pamba, kwa sababu ikilowa jasho hukaa na maji na kumpoza mtoto.
2. *Nguo ya kati:* sweta nene.
3. *Nguo ya juu:* koti na suruali zisizopitisha maji na upepo.

Ongeza kofia inayofunika masikio, glavu zisizopitisha maji, soksi za sufi na buti. Buti isibane: vidole visipoweza kucheza, damu haipiti vizuri na miguu hupoa. Mtoto mdogo avae tabaka moja zaidi ya wewe. Skafu ndefu iweke ndani ya koti isije ikanasa.

Ili kujua kama amevaa vya kutosha, mguse nyuma ya shingo. Pakiwa na joto na pakavu, yuko salama. Pakiwa na jasho, punguza tabaka moja kabla hajalowa. Pakiwa baridi, rudini ndani.

Kwenye gari, mvue koti nene kabla ya kumfunga kwenye kiti chake. Koti hujaza nafasi, na ajali ikitokea mkanda hubaki umelegea. Mfunge kwanza, kisha mfunike kwa koti au blanketi juu ya mkanda.

Mtoto wa mgongoni

Kumbeba mtoto kwa kitenge ni jambo jema, lakini kwenye theluji kuna tofauti moja kubwa. Wewe unatembea, mwili wako unatengeneza joto, unatoka hata jasho. Yeye ametulia. Mama anasikia joto na kudhani mtoto naye yuko hivyo, kumbe miguu yake imening’inia kwenye upepo.

Ni bora umbebe kifuani, ndani ya koti lako, uso wake ukiwa wazi na unaonekana. Mfunike miguu. Mwangalie kila dakika chache. Vaa viatu vyenye meno, kwa sababu ukiteleza mnaanguka wawili. Kwa mtoto mchanga, dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa mara ya kwanza.

Siku za kubaki nyumbani

Kabla ya kutoka, angalia kwenye simu baridi pamoja na upepo, yaani jinsi hewa inavyosikika mwilini. Miongozo ya vituo vya kulelea watoto Marekani inasema watoto wasicheze nje baridi hiyo ikiwa chini ya nyuzi -26 Sentigredi (-15 Farenhaiti). Ikifika karibu -28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Mtoto mchanga usimsubirishe mpaka huko. Bakini ndani pia akiwa na homa.

Siku isiyo na theluji yenye joto la nyuzi 4 au zaidi, kupe wanaweza kuwa hai hata Januari, na Massachusetts ina ugonjwa wa Lyme unaoletwa na kupe. Mkirudi, mkague mtoto nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti na kwenye nywele.

Dalili za hatari

*Ngozi kuganda.* Hutokea kwanza kwenye vidole, pua, masikio na mashavu. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu kisha nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi unaweza usione hivyo. Tafuta sehemu iliyopauka kama majivu, iliyo ngumu au kama nta, na ambayo mtoto anasema haisikii kitu. Mwingize ndani, mvue vilivyolowa, weka sehemu hiyo kwenye maji ya uvuguvugu. *Usisugue, usipake theluji, usimkalishe karibu na hita au moto,* kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi inaungua bila yeye kujua. Mpigie daktari siku hiyohiyo.

*Joto la mwili kushuka.* Mtoto anatetemeka sana, anajikwaa, anazungumza kama mlevi, au anasinzia wakati si wa kulala. Mtoto mchanga huwa baridi, mlegevu, na hataki kunyonya. Joto likiwa chini ya nyuzi 35 Sentigredi (95 Farenhaiti), ni dharura. Piga 911, mvue nguo zilizolowa, mkumbatie ngozi kwa ngozi, mfunike blanketi.

Watoto wa kuangaliwa zaidi

*Selimundu.* Baridi inaweza kuamsha maumivu makali kwa mtoto mwenye selimundu. Ongea na kliniki yake kwanza. Wakikubali, avae vizuri zaidi ya wengine, anywe maji ya kutosha, na mrudi ndani mara mikono inapoanza kupoa.

*Pumu.* Hewa baridi inaweza kubana kifua. Mfunike mdomo na pua kwa skafu laini, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwako, isiachwe kwenye gari.

Na wewe, mama?

Mwanga unaomsaidia mtoto kulala unakusaidia na wewe. Majira ya giza huwaletea watu wengi huzuni, na mama aliyejifungua karibuni yuko kwenye hatari zaidi. Matembezi na watu wengine hupunguza upweke, lakini si dawa ya kila kitu. Ikiwa kwa wiki 2 huna furaha, hulali hata mtoto akilala, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usinyamaze. Ukiwa Marekani, piga 1-833-852-6262. Simu ni bure, saa 24, kwa wajawazito na waliojifungua. Sema “Swahili” uombe mkalimani. Hatari ikiwa ya papo hapo, piga 911.

Jinsi ya kuanza

- Uliza maktaba ya mtaa wako. Maktaba nyingi za Massachusetts huazima pasi za kuingia sehemu kama hizi kwa bei nafuu au bure.
- Kama una kadi ya EBT, uliza kama kuna punguzo.
- Kabla ya kujiandikisha, uliza: matembezi ni ya muda gani? Umri gani unaruhusiwa? Kuna buti za kuazima? Njia inapitika na kigari cha mtoto?
- Nenda na jirani. Mmoja akilazimika kurudi na mtoto anayelia, mwingine anaendelea na wakubwa.

Mara ya kwanza msipange kumaliza njia yote. Tembeeni mpaka kwenye mti wa kwanza wenye ndege, simameni, sikilizeni, kisha rudini mkanywe chai ya moto. Wiki inayofuata mtafika mbali kidogo.